Mzambarau Nilioudai Msibani

Kondo, mtani wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umelala. Hata ulipokuwa hai hiyo ndiyo kazi uliyoiweza kuliko cherehani, kwa hiyo sina wasiwasi na mapumziko yako. Sisi huku tupo. Sukari hakuna, sabuni tunaipangia foleni toka alfajiri, na unga siku hizi ni ule wa njano, ambao wewe ungeuona ungesema si wa kula, ni wa kumsingia bibi harusi. Soko jipya linakaribia kwisha. Limewekewa mapaa makubwa kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, na wazee wa kahawa wanabishana kila siku kama mvua itaingia ndani au haitaingia.

Nimeanza na utani kwa sababu sijui kuanza vingine na wewe. Lakini kalamu hii nimeishika nikaiweka, nikaishika nikaiweka. Naona haya, Kondo. Mtu mzima mwenye mvi, nimekaa na karatasi juu ya meza ya cherehani, uso unaniwaka mbele ya mtu aliyekwisha kufukiwa. Ungekuwa hai ningekuja barazani, ungenitukana wee mpaka uchoke, halafu ungeniagizia kahawa, yakaisha. Sasa atanitukana nani?

Siku ya msiba wako hukuiona, kwa hiyo acha nikusimulie, maana mambo yote yalianzia hapo.

Watu walijaa mpaka barabarani. Bafta ya sanda ilitutoa jasho, madukani hamna kitu, mpaka mzee mmoja wa Mtaa wa Mchikichi akatoa ya kwake aliyojiwekea. Akasema mpeni mwenzangu, mimi bado nipo nipo kwanza. Wakakuosha, wakakuswalia, na jeneza lilipokuwa linatolewa nje nikaona Wazaramo wote wananigeukia mimi. Mnyamwezi nilikuwa peke yangu pale. Na unajua mwenyewe, msiba wa Mzaramo usipokuwa na Mnyamwezi wa kuuvuruga, wafiwa wanaona umepoa. Tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo ya watu kichwani, hiyo ndiyo kazi yetu kwenu. Ninyi mnalia, sisi tunawafanyia fujo mpaka mcheke. Wapo watani wanaoingia kaburini wakakaa humo, wakagoma kutoka mpaka walipwe. Mimi nilijua nikikuona unashushwa mle sitaweza mzaha wowote. Nikageuka, nikaukimbilia mzambarau wako pale uchochoroni, kati ya nyumba yako na duka lenye baraza tulilokuwa tunashonea, nikaukumbatia, nikapiga kelele: "Mzaramo amekufa bado hajanishinda kushona suruali! Basi mti huu nimeuteka, ni wangu! Anayeutaka aniletee jogoo!"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Zuhura, mdogo wa mkeo Bi Tatu, alicheka mpaka akakaa chini. Na mkeo mwenyewe, walivyoniambia baadaye, alisikia kutoka ndani akasema, "Mtani amefika, basi Kondo anazikwa vizuri." Kwa hilo sina haya yoyote.

Haya yangu ni kwa yaliyofuata. Jogoo hakuletwa, na ni nani mwenye jogoo wa kugawa wakati huu? Kwa kawaida mtani akiona hajalipwa, baada ya siku chache huachilia mwenyewe, akasema yamekwisha. Mimi sikuachilia. Mwanzoni nilisahau tu. Halafu nikakumbuka, na nikanyamaza.

Unamkumbuka yule kijana wa Kilimanjaro aliyeletwa kuwa katibu wa duka la barazani kwetu, lilipofanywa la ushirika. Yule wa kalamu mbili mfukoni. Alikuwapo msibani. Yeye si mtani wa mtu pale. Alisimama nyuma kwa adabu zake, akaona mtu ameukumbatia mti anasema ni wangu, na watu wote wanaitikia. Akadhani ndivyo ulivyousia. Basi mkutano wa nyumba kumi uliofuata, walipokuwa wanazungumzia usafi wa mtaa, akasimama akasema hapa kuna ndugu mmoja ni mfano wa kuigwa. "Mtaa mzima umebaki mabati na lami, lakini Ndugu Yakobo ametunza mti. Watu wanapata kivuli, watoto wanapata matunda, ndege wanapata pa kutua. Huo ndio ujamaa kwa vitendo." Wakapiga makofi. Wenyeji waliokujua walicheka kichinichini, wakidhani sasa nitasimama niwachekeshe, niseme nimeuteka kwa Mzaramo. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu asiyependa kusifiwa.

Nilipenda, Kondo. Ndilo linalonichoma hilo. Miaka yote niliyokaa mji huu nimeshona nguo za watu, nikapunguza, nikaongeza, nikaweka viraka juu ya viraka, hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Siku ile nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Na mimi ndiye niliyeuchukia mti ule kuliko mtu yeyote Kariakoo! Wewe unajua. Zambarau zikiiva, ndege wanakula juu, sisi tunapakwa rangi chini. Kanzu ya bwana harusi yule wa Gerezani, nyeupe pe, nimemaliza kushona tarizi ya shingoni, tone likadondoka kifuani. Doa la zambarau halisikii ndimu wala chumvi. Niliokota jiwe siku ile nikataka kuwatoa ndege roho, ukanishika mkono. "Mwache ale, mtani. Huyo ananiandikia." Nikakuuliza nani anakuandikia, kunguru? Ndipo ukaniambia kwamba ninyi mmefundishwa kuwa mtu akipanda mti, akala ndege, akala mtu, akala hata mwizi, yeye aliyepanda anahesabiwa sadaka, na inaendelea kuhesabiwa hata akiwa kaburini. Mimi nikakujibu kwamba Mzaramo hata thawabu anataka aipate amelala. Ulicheka. Kanzu tuliificha doa kwa kuongeza tarizi, na bwana harusi akaisifia.

Nilikucheka kwa mengi. Adhana ikilia, wenzio walitawadha bombani msikitini, wewe ulitoka na kopo lako ukasimama kwenye shina. Ulimimina kidogo kidogo, mikono, kinywa, uso, mpaka miguu, na kila tone likaenda mizizini. Nilikuambia unaoga na mti kama mke wa pili. Lakini mwaka ule mabomba yalipokauka, tukawa tunachota maji Ilala na kuyabeba kwa ndoo, niliona kitu ambacho sikukuambia. Kopo lilipungua likawa nusu, na hiyo nusu hukuinywa wala hukumwaga ovyo, ilienda palepale. Nikakuuliza kwa nini usitawadhe ndani ukaacha mti ufe, maana binadamu wenyewe tuna kiu. Ukasema dini yako haikuruhusu kufuja maji hata ukiwa umesimama mtoni. "Sasa maji nimeshayatumia kwa Mungu, mtani, niyamwage kwenye lami?" Ulisema hivyo huku unajifuta miguu, bila kuhubiri, kama mtu anayeeleza namna ya kupinda pindo. Halafu ukarudi kwenye cherehani ukaniuliza mkasi nimeupeleka wapi.

Na ulivyopenda kunichokoza! "Ninyi Wakristo hamna habari ya mti?" Nikakujibu tunayo, tena mti ndio uliotutia matatani toka mwanzo. Hapo ulicheka mpaka sindano ikakuchoma kidole. Lakini Jumapili moja baada ya wewe kuondoka nimekaa kanisani, mchungaji anasoma habari hiyohiyo ya mwanzo, nikasikia kitu nilichokisikia toka utotoni kwetu Tabora na hakijawahi kuniingia. Yule mtu wa kwanza, kabla ya matata yote, aliwekwa bustanini akapewa kazi. Kulima, ndiyo, na kuitunza. Hiyo ya kulima mwaka huu tumeimba sana, kila kiwanja kimepandwa mahindi. Ile ya pili niliipita kila mara kama mtu anayepita uchochoroni kwako akitazama viatu vyake. Nilitoka kanisani nimenuna, na mke wangu akauliza nani kanikosea.

Unadhani basi nilirekebika. Sikurekebika.

Katibu akaja barazani mchana mmoja, akavuta kiti chako akakaa. Hakuwa na ubaya, naomba uelewe. Duka halina stoo. Unga ukija kwa wingi unalazwa nje chini ya turubai, mvua ikinyesha unavunda, na watu waliopanga foleni toka alfajiri wanaondoka na vikapu vitupu. Amepata matofali, amepata bati, nafasi iliyopo ni uchochoro tu. "Ndugu Yakobo, uchochoro ni wa umma, lakini mti una mwenyewe. Siwezi kuukata bila ruhusa yako." Kisha akaniambia kwamba duka litapata majora ya kaki kwa ajili ya sare za shule, na fundi atakayeshona ni yule wa barazani pale pale, asihangaike kutafuta kazi mwaka mzima.

Ilinipasa niseme neno moja tu: si wangu. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini ningelisema, ingebidi niseme na kwamba yale makofi hayakuwa yangu, mbele ya kijana anayeniita mfano wa kuigwa. Na kaki ile, Kondo. Unajua meza yangu ilivyokuwa tupu. Nilijifanya nafikiri, nikakohoa, nikatazama juu kwenye majani kama baba anayemwoza binti. Nikasema, "Basi, kwa ajili ya umma, kateni."

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Alinisifia tena.

Walikuja watu wawili na mashoka. Wakaanza na lile tawi nene la upande wa duka, lile ulilokuwa unatundika kofia. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie, na nilichokuwa nashona sikijui mpaka leo. Tawi likaanguka, majani yakafunika ngazi. Ndege waliruka wote kwa pamoja, wakatua juu ya bati la nyumba yako wakapiga kelele.

Bi Tatu alikuwa ndani. Alikuwa eda, kwa hiyo hakuweza kutoka akasimama na wanaume barabarani. Aliyategea masikio mashoka kutoka chumbani mwake, ukuta mmoja tu kati yake na mti. Na ujue kwamba tangu ulipoondoka ni yeye aliyekuwa anatawadha, akakusanya maji yake kwenye karai, na Zuhura akayatoa nje akamwagia mzambarau kila swala. Mimi niliona karai linapita mbele ya macho yangu kila siku. Niliona na nikaendelea kupokea sifa za kutunza mti.

Zuhura akatoka. Nilidhani anakuja kutukana, na yule dada ulimi wake unaujua. Hakutukana. Kwapani amembana jogoo mwekundu ambaye Bi Tatu amemfuga baada yako, anayewika saa ambazo hazina maana, miguu imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha kanzu yako. Akanipa mikononi mbele ya wale watu wa mashoka, mbele ya katibu, mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni. Akasema, "Dada anakusalimu, mtani. Anasema samahani amechelewa, siku zile za msiba hakuwa na kitu. Jogoo wako huyu. Ameukomboa mti wa mume wake."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa msibani watu wangeanguka kwa kicheko.

Ndipo nikaelewa kwa nini mama yule alikaa kimya wakati wote. Angeweza kumwita katibu dirishani amwambie huyu ni mwongo. Angeweza kuwatuma wajomba zako kutoka Kisarawe. Hakufanya hivyo kwa sababu mtani alikuwa amedai mbele ya watu na hajalipwa, na kwenu mtani asiyelipwa ana haki yake. Mti kweli ulikuwa mikononi mwangu, na yeye aliheshimu hilo mpaka shoka likaingia. Utani wetu sote tuliurithi, ila yeye ndiye aliyeuchukua kwa uzito wake, mimi niliufanya mtego wa kupatia kazi. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Na usaha wenyewe nilikuwa nimeusimamia nimekumbatia jogoo kama mjinga, ananidonoa kidole.

Nikawaambia wale watu waweke mashoka chini. Katibu akauliza vipi tena, Ndugu Yakobo. Nikasema mti si wangu. Akasema, "Lakini umelipwa sasa hivi nimeona, kwa hiyo ulikuwa wako." Kijana wa watu, hakuwa anabishana, alikuwa anauliza kweli. Ikabidi nimweleze utani ni nini, pale pale, mbele ya watu ambao wote walijua isipokuwa yeye. Kila neno lililotoka kinywani lilikuwa linanivua nguo. Kwamba sikuupanda. Kwamba sikuwahi kuumwagia hata mate. Kwamba makofi yale nilipokea ya mtu mwingine. Niliona uso wake unavyobadilika, na afadhali angekasirika. Alinionea huruma, kisha akatazama pembeni ili nisimwone.

Akauliza, "Sasa kama si wako, ni wa nani?"

"Wa Kondo."

"Kondo ni marehemu. Marehemu hana mti."

Fundi cherehani, Mnyamwezi, Mkristo, nawezaje kusimama katikati ya Kariakoo nikaeleza dini ya Mwislamu? Lakini maneno yako yalikuwa yamenikaa kuliko nilivyojua, kwa sababu yalitoka. Nikasema huyu alipanda akiamini kwamba kila anayekula hapa, awe mtu awe kunguru, yeye anahesabiwa mema kwa Mungu, na anahesabiwa mpaka leo. Tukikata tunamkatia mtu chakula chake akiwa hawezi kuamka kujitetea. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Umesema kweli." Mwingine akaitikia. Katibu akakaa kwenye ngazi, juu ya majani yale. Akasema kwao mlimani bibi yake naye alikuwa na mti ambao haukatwi, na alikuwa akiombea chini yake, na yeye kijana alikuwa anamcheka. Halafu akasema, "Lakini unga utalala wapi? Watu hawa hapa ndio wanaokosa."

Lilikuwa swali la haki. Huwezi kumtunzia ndege halafu mama mwenye watoto arudi na kikapu kitupu, hata wewe usingekubali. Nikatazama huku na huku, nikaona pale tulipozoea kukaa mimi na wewe. Nikamwambia alizibe baraza. Asimamishe ukuta mbele, aweke mlango, ni pana vya kutosha na bati lipo tayari. Akasema, "Na wewe je?" Nikasema mimi nina miguu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Baraza letu sasa ni stoo, Kondo. Pale ulipokuwa unakaa wewe pamelazwa magunia ya unga wa njano, na pale pangu pana mapipa ya mafuta ya taa. Kaki ilienda kwa fundi mwingine. Nimehamishia cherehani Ilala, mbele ya nyumba ya shemeji yangu, ambako hakuna anayenijua na jua linanipiga usoni kuanzia saa nne. Mzambarau upo. Upande wa duka una kovu, na ndege wamehamia matawi ya upande wenu.

Ningependa kukuambia kwamba haya yangu iliniishia hapo. Watu wengine waliniambia nimefanya jambo kubwa, na mimi nikawa nakimbia, maana sitaki tena makofi ya mti ule, hata ya haki. Jogoo nilimfunga kwenye mguu wa cherehani, nikamlisha pumba, nikashindwa kumla na nikashindwa kumrudisha, kwa kuwa huwezi kumwendea mwanamke aliye eda ukamkabidhi jogoo mlangoni.

Wiki iliyopita Bi Tatu alitoka eda. Nikavaa shati safi, nikambeba jogoo kutoka Ilala, njia nzima watu wananiuliza bei. Nilimkuta amekaa uani, amevaa khanga mpya, amekonda. Nikamwambia shemeji, nimekuja kukurudishia mnyama wako, mti ule sikuwa na haki ya kuudai baada ya msiba, na nimefanya yale unayoyajua. Niliyasema macho yangu yakiwa kwenye mchanga. Nikangoja anitukane kwa niaba yako. Kwa kweli ndicho nilichofuata.

Akasema, "Mchinje umle, mtani. Mtani hamrudishi jogoo."

Nikasema huyu ni wa kuukomboa mti, na mti haukuwa wangu.

Akanitazama. Unajua anavyotazama. Akasema mti ule aliutaka, asingedanganya, lakini hata ungekatwa wote Kondo asingepungukiwa. "Ndege waliokwisha kula, wameshakula. Yake imeshafika huko, shoka haliifuati. Jogoo nilimtoa kwa ajili yako wewe." Nikauliza kwa ajili yangu vipi. Akasema, "Msiba watu wote waliondoka. Waliolia wamelia, waliosoma hitima wamesoma, wamekwenda zao. Wewe peke yako ulibaki umeukumbatia mti, unasema wangu, wangu. Nikamwambia Zuhura, huyu hajazika bado. Mimi eda yangu nimeimaliza, mtani. Wewe yako?"

Nililia uani kwako, Kondo. Mbele ya mjane, badala ya kumfariji yeye. Zuhura akaniletea maji na akasema Wanyamwezi siku hizi hawana kifua, na hata hilo halikunisaidia. Kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Nilipokuwa nasema mti wangu kwenye mkutano ule, nadhani sikuwa naiba sifa tu. Nilikuwa nimeshika kitu chako kilichobaki na sitaki mtu aseme kwamba umekwisha. Sisemi hivi ili unisamehe. Mtu anaweza kukupenda na akakuuza kwa majora ya kaki, mimi ni ushahidi, na aibu ya kulijua hilo nitaibeba mpaka na mimi nitafutiwe bafta.

Jogoo tulimchinja. Mjomba wako ndiye aliyemchinja, kwa kisu chenu, ili tule wote. Nyama ilikuwa ngumu ajabu. Tulikula tukikusema vibaya, kila mtu na lake, mpaka Bi Tatu akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza, wanasema, tangu uondoke.

Sasa nakuaga, na safari hii nakuaga kweli. Mti ni wa huko kwenu, wa ndege na wa Bi Tatu, sitausogelea tena ila kumsalimia mkeo sikukuu na kuangalia kama karai linatoka. Lakini nina ahadi moja. Nilipokuwa narudi Ilala jioni ile nilijiuliza swali jepesi: mimi nimempandia nani nini? Katika umri wangu huu wote nimelima mahindi, nimelima karanga kwetu, nimepanda viazi, na sijawahi hata siku moja kupanda kitu ambacho sitakila mimi mwenyewe. Mbele ya nyumba ninaposhonea pana bomba la mtaa. Wanawake wanachota, maji yanayomwagika yanakwenda barabarani yanapotea kwenye vumbi. Nimepata mche wa mkungu. Jumapili nikitoka kanisani, na suti yangu ya kanisani, nitachimba pale shimo, nitaomba kwa dini yangu, nitaufukia. Ukija kukua ukatoa kungu za kutosha mtaa mzima, mimi na wewe tutakuwa tumeshasahauliwa, na watoto watakaozivunja hawatajua jina la mtu.

Watu wa pale watakuja kutazama fundi mgeni anayejichafua suti kwa kuchimba barabara. Nitaona haya sana. Lakini kuona haya nimeshazoea, na hii nitaiona nikiwa nimeshika jembe.

Mtani wako,
Yakobo